Picha Nayo Isiuzwe Butura

Ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa hawana haja ya kuelezwa maana ya butura. Kwa ajili ya wasomaji wetu wa mikoa mingine twasema hivi: mkulima wa kahawa akipatwa na shida, pengine ada ya mtoto, pengine ugonjwa wa ghafula, humwendea mwenye fedha akamuuzia kahawa ambayo bado ni ua mtini. Bei huwa ya kutupa. Miezi hupita, ua huwa tunda, tunda huwiva, na siku ya kuchuma mwenye fedha huja na magunia yake kuvuna jasho la mwenzake. Viongozi wa Serikali na wa vyama vya ushirika wameikemea biashara hiyo mara nyingi.

Leo twapenda kusema habari za butura nyingine, isiyofanyika shambani.

Wako ndugu, wanaume kwa wanawake, katika Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Kaisho na Murongo, ambao mchana ni walimu, wakulima, mafundi wa simu au makarani wa ushirika, na usiku huandika makala wakaziuza kwa magazeti na kurasa za mtandaoni. Hawakuajiriwa na mtu. Hulipwa kwa makala, kama kibarua alipwavyo kwa kipande alicholima. Kazi yao twaiheshimu, maana bila wao habari za pembe ile ya nchi inayopakana na Uganda na Rwanda zingeandikwa na watu ambao hawajapata hata kuipita Kyaka. Lugha wanaijua, na mambo ya kwao wanayajua. Lakini likija jambo la picha, wengi wao hufanya moja kati ya mawili: ama huchukua picha ya mtu mwingine wakaibandika juu ya makala yao, ama hupiga picha yao wenyewe wakaitoa bure, pamoja na haki zake zote, kwa yeyote aombaye. Kwa la kwanza wanapoteza imani ya msomaji, na kwa la pili wanapoteza ujira wao.

Yafaa tuanze na aibu yetu wenyewe. Wakati mmoja tulipokea makala nzuri juu ya mnyauko wa migomba katika Kyerwa, maradhi yale yaletwayo na bakteria ambayo yameisumbua Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000. Mwandishi alikuwa amefika mahali penyewe, amezungumza na wenye mashamba, na maneno yake yalionyesha hivyo. Pamoja na makala alileta picha moja safi sana ya shamba la migomba. Tuliifurahia, tukaitoa kwa ukubwa. Kabla ya juma kwisha tulipata barua ya mzee mmoja wa Nkwenda. Aliuliza kwa adabu, adabu ile iumayo kuliko tusi: "Ndugu Mhariri, hiyo mifuko ya buluu iliyovikwa mikungu ni desturi ya kijiji gani?"

Tukaitazama picha upya. Kweli, kila mkungu ulikuwa umevikwa mfuko wa plastiki wa buluu, kama wafanyavyo katika mashamba makubwa ya ndizi za kuuza ng'ambo, huko Amerika ya Kati na Ufilipino. Mwandishi alikuwa ameiokota mtandaoni. Makala yake yote ilikuwa kweli tupu, lakini tangu siku ile hapana mtu wa Nkwenda aliyekuwa na sababu ya kuiamini hata sentensi moja. Kosa lilikuwa lake mara moja, na letu mara mbili, kwani sisi ndio wenye kazi ya kutazama.

Jambo lililotushangaza ni kwamba yule ndugu alikuwa na simu mfukoni muda wote alipokuwa akipita katika migomba iliyokufa. Tulimwuliza kwa nini hakupiga picha. Akajibu kwamba alipiga, tena nyingi, ila aliona si nzuri.

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika haya. Picha zile tuliomba tuzione. Nyingine zilikuwa na giza, nyingine zimepinda. Lakini moja ilionyesha mkono wa mama umeshika kipande cha mgomba uliokatwa, na kwenye mkato ule utomvu wa rangi ya manjano unatoka polepole. Hiyo ndiyo dalili yenyewe ya mnyauko, ambayo bwana shamba huwataka watu waitafute. Picha ya mifuko ya buluu ilikuwa nzuri machoni na haikumfundisha mtu kitu. Hii ya giza giza ingeweza kumwokolea mkulima shamba lake. Mhariri anayejua kazi yake atailipia hii na kuikataa ile.

Kwa hiyo twasema kwanza: picha ya mwandishi ni ushahidi kwamba alikuwapo. Wenzake walio Dar es Salaam au Nairobi wanaweza kuandika juu ya kahawa ya Karagwe bila kutoka ofisini, na wengine hufanya hivyo. Kitu wasichoweza kukipata ni sura ya mzani wa chama cha msingi asubuhi ya kupokea kahawa. Hicho anacho aliye karibu peke yake, naye akikitupa hana tena cha kumzidi mtu wa mbali.

Watu wa Karagwe wana sababu ya zamani ya kulijua jambo hili. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika jumba la mfalme Rumanyika wakiwa safarini kutafuta chanzo cha Mto Nile. Walipotoka pwani mwaka 1860 walikuwa na kamera, na Grant ndiye aliyekabidhiwa kazi ya picha. Lakini picha za siku zile zilitengenezwa kwa dawa ndani ya hema dogo lililofungwa, na Speke aliona kwamba joto la humo litamwua mwenziwe. Kamera ikaachwa, Grant akashika kalamu na rangi. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863 kilikuwa na picha nyingi, na sehemu kubwa ilitokana na michoro ya Grant, ikiwa imechongwa upya na mafundi wa Uingereza kwa ajili ya kupigwa chapa. Hivyo dunia iliiona Karagwe kupitia mikono ya watu ambao hawakupata kuikanyaga. Hata ziwa lililo chini ya makao ya mfalme liliandikwa kwa jina la Windermere, ambalo ni ziwa la kwao Uingereza, kana kwamba wenyeji walikuwa wakichota maji humo miaka yote bila kulipa jina.

Lakini liko jambo moja katika kitabu kile ambalo twaliona kubwa zaidi kwa mwandishi wa leo. Katika jumba lile ilikuwapo desturi ya kuwanenepesha wake wa wakubwa kwa maziwa. Speke alitaka kumpima mmoja wao, shemeji ya mfalme, na kwa malipo akaahidi kumwonyesha mikono yake na miguu yake ya kizungu. Mama yule alikubali. Akapimwa mkono, kifua, paja na kimo. Kisha vipimo vya mwili wake vikachapwa kitabuni, vikasomwa na watu wa ng'ambo ambao hakupata kuwaona wala kuwasikia.

Wasomaji wetu waliangalie hilo vizuri. Mama yule aliulizwa, tena aliulizwa kwa namna ya mapatano. Hakulazimishwa. Ila aliulizwa juu ya kupimwa, hakuulizwa juu ya kuchapwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayosahauliwa kila siku. Mwandishi huingia uani kwa mtu, husalimu, hukaribishwa, huonyeshwa kahawa iliyoanikwa. Huomba, "Mama, naomba nikupige picha." Mama hukubali, hurekebisha kitambaa chake na kusimama wima. Mwandishi huondoka akidhani amepata ruhusa. Amepata ruhusa ya kupiga, basi. Hapana budi aulize mara ya pili, kwa maneno yasiyo na kona: picha hii nataka kuiweka mtandaoni, itaonekana Bukoba, Kampala na Ulaya, haitafutika tena hata nikitaka kuifuta, na mimi nitalipwa fedha kwa makala itakayokuwa nayo, je, wakubali? Na kama anajua Kinyambo vizuri kuliko Kiswahili, aulizwe kwa Kinyambo. Mwenye nyumba akisita, simu irudi mfukoni na mazungumzo yaendelee. Mikono yake inayochambua kahawa inaweza kupigwa bila uso, na mara nyingi picha ya mikono huwa na habari zaidi.

Haya si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imemwekea masharti kila akusanyaye na kutumia taarifa zinazomtambulisha mtu. Kwa watoto iko pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Twashauri idhini ya mtu mzima iandikwe, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, na ya mtoto itoke kwa mzazi au mlezi wake.

Hapa twataka kusema jambo zito. Simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha, mahali pasipoonekana kwa macho, saa ya kupigwa na mahali penyewe ilipopigwa, kwa hesabu ya ramani. Kwa mhariri huo ni ushahidi mwema. Kwa mtu mbaya ni njia. Mwezi Mei 2024, katika Wilaya ya Muleba, mkoa huu huu wa Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao, na mwezi wa Juni mwili wake ukapatikana. Hatusemi kwamba picha ilihusika. Twasema kwamba katika mkoa uliopatwa na msiba huo, mwandishi anayetoa picha ya mtoto wa namna hiyo pamoja na jina la kitongoji, mlango wa nyumba na ramani iliyofichwa ndani yake, anafanya jambo ambalo hataweza kulirudisha. Zima alama ya mahali katika kamera kabla ya kuingia katika nyumba kama hiyo. Taja wilaya tu. Usionyeshe mlango, njia wala shule. Ukiona shaka, usipige kabisa.

Sasa tuje kwenye upigaji wenyewe, ambao watu huuogopa pasipo sababu. Simu ya kawaida yatosha. Ifute kioo cha kamera kwanza, kwani kidole kilichoshika ndizi au mafuta huacha utando, na picha ikatoka na ukungu ambao mwandishi husingizia hali ya hewa. Jua la huko ni la ikweta: likifika utosini uso wa mtu aliyevaa kofia hugeuka kuwa shimo jeusi. Na kwa kuwa Karagwe iko mbali magharibi, jua la utosi huchelewa karibu nusu saa kuliko Dar es Salaam, likafika karibu na saa saba mchana. Fanya kazi ya picha kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na katikati yake mwombe mtu asogee kivulini mwa mgomba. Usivute picha kwa vidole ili kitu kije karibu. Nenda wewe karibu. Piga moja ya mbali inayoonyesha mlima na shamba, moja ya kati inayoonyesha mtu na kazi yake, na kadhaa za karibu sana: mikono, chombo, punje. Waandishi wetu wengi huleta picha kumi za watu waliosimama mstari mmoja wakiitazama kamera. Hiyo ni picha ya harusi. Mhariri anataka picha ya kazi ikifanyika.

Usiongeze rangi baadaye ili kahawa ionekane nyekundu kuliko ilivyo. Kupunguza giza kidogo si dhambi, na kukata ukingo usio na maana si dhambi. Kuondoa kitu kilichokuwapo, au kuongeza kisichokuwapo, ni uongo.

Na wako sasa wanaoiamuru mashine iwatungie picha. Huiandikia akili mnemba maneno matatu, "mkulima wa kahawa", nayo huwatolea mzee asiyepata kuzaliwa, katika shamba lisilopata kulimwa, akichuma matunda ya mti ambao hakuna bwana shamba angeutambua. Kama ni pambo tu, na liandikwe chini yake kwamba ni pambo. Kulileta kama ushahidi hatukubali.

Kazi ambayo wengi huidharau ni maelezo ya chini ya picha. Picha isiyo na maelezo ni yatima, kila mtu huipa jina alitakalo, na habari ya Windermere yatosha kuwa mfano. Chukua daftari, uandike papo hapo: nani, anafanya nini, kijiji gani, kata gani, tarehe gani. Jina la mtu mwombe alitaje mwenyewe herufi kwa herufi. Uwe mwangalifu na majina ya mahali, maana mipaka hubadilika. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012. Picha ya Murongo ya mwaka 2010 ilipigwa katika Wilaya ya Karagwe, na ya leo ni ya Kyerwa. Yaliyokuwa mapori ya akiba ya Rumanyika na Ibanda yamekuwa hifadhi za taifa tangu mwaka 2019, kwa majina ya Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, na atakaye kupiga picha za biashara humo yampasa kwanza kuuliza TANAPA. Kadhalika usielekeze kamera kwenye kambi ya jeshi, wala kwenye kituo cha mpakani bila ruhusa, wala usirushe kamera ya angani pasipo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mkoa ambao daraja lake la Kyaka lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 hauhitaji kufundishwa kwa nini serikali huwa na wasiwasi juu ya mambo hayo.

Andika pia sentensi moja inayoeleza kinachoonekana katika picha, kwa ajili ya ndugu zetu wasioona. Wako wanaosomewa kurasa za mtandaoni na simu zao kwa sauti. Wakifika kwenye picha isiyo na sentensi hiyo, husikia neno "picha" tu, na shamba zima huwapita.

Tumefika kwenye ujira. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, humlinda mwenye kazi kwa sababu tu ya kuitunga kazi hiyo. Huhitaji muhuri ili picha yako iwe yako. Na kwa kuwa Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, picha iliyopigwa Kayanga hulindwa pia katika nchi nyingine zilizomo katika mkataba huo. Aliyeajiriwa yuko katika hali nyingine, kwani mkataba wake wa kazi waweza kumpa tajiri haki hizo. Lakini wewe usiye na tajiri, haki zako ni zako mpaka utakapozitoa kwa mkono wako.

Na hapo ndipo butura inapoingia. Kijana ana shida ya fedha ya kununua bando. Anaandikiwa na mwenye ukurasa fulani: tutumie picha zote ulizo nazo, utuandikie kwamba umetupa haki zote, milele, kwa matumizi yoyote. Analipwa kidogo, anashukuru. Mwaka wa pili picha yake ya kahawa yaonekana kwenye tangazo, kwenye kalenda, kwenye karatasi ya mfuko wa kahawa. Hana la kudai. Ameiuza ikiwa ua.

Twamshauri kila mwandishi aweke maneno machache kama haya katika kila barua anayopelekea picha: "Picha hizi nne nimezipiga mimi mwenyewe. Naruhusu zitumike mara moja pamoja na makala hii, jina langu likitajwa. Kwa matumizi mengine yoyote tupatane kwanza." Hayana ukali, na mhariri mwungwana hayatamkera. Anayekasirishwa nayo amekwisha kujitambulisha. Bei ya picha itajwe mbali na bei ya makala, hata kama ni ndogo, ili pande zote mbili zijue kwamba ni mali mbili.

Nakala ya asili usimpe mtu, wala usiifute ili kupata nafasi katika simu. Iweke mahali pawili: kwenye kadi, na kwenye ghala la mtandaoni au kompyuta ya rafiki. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na kupoteza habari zilizomo ndani; itume kama dokumenti, au kwa barua pepe. Ipe jina lenye maana, kwa mfano nkwenda-kahawa-mzani-tarehe, usiiache na namba ndefu iliyopewa na simu. Ukiona picha yako mahali usipoiruhusu, kwanza hifadhi sura ya ukurasa ule pamoja na tarehe, kisha uwaandikie kwa upole ukidai jina na ujira. Wakikaidi, iko Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Mwenye nakala ya asili na daftari lake atasikilizwa upesi kuliko mwenye maneno matupu.

Nayo haki hiyo ikuume unapotaka kuchukua cha mwenzako. Kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" ni sawa na kuandika "mbuzi kwa hisani ya zizi". Kama huna budi kutumia picha ya mwingine, mwombe. Au nenda kwenye hazina kama Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako watu wameweka picha zao kwa hiari. Hata huko kila picha ina masharti yake. Aghalabu sharti ni kumtaja aliyeipiga. Soma kabla ya kuchukua.

Jambo moja zaidi la sheria, kwani wako waliochoka kuuza kwa wengine wakataka kufungua ukurasa wao. Njia hiyo imewafaa watu: Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alianza ukurasa wake mwaka 2005, na picha ndizo zilizowavuta wasomaji. Lakini tangu mwaka 2018 ziko Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, zinazodai leseni kwa wanaotoa habari mtandaoni. Nayo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka Bodi ya Ithibati ya waandishi. Masharti na ada zimebadilika mara kadhaa. Ulizeni TCRA kabla ya kuanza, msiulizane vibandani.

Tulimwambia yule ndugu wa Kyerwa arudi Nkwenda. Alirudi, akamtafuta mzee wa barua, wakakaa pamoja. Mzee ndiye aliyempeleka shambani kwake, akamwonyesha jinsi ya kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na jinsi ya kukipitisha kisu motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mwandishi alipiga picha kumi na moja. Uso wa mzee haumo, kwa kuwa alisema hapendi, lakini mikono yake imo katika saba. Tulichapa tano, na chini ya kila moja tuliandika kijiji, kata na tarehe, pamoja na masahihisho ya kosa letu la awali.

Baada ya hapo tuliandikiwa na watu wanaochapa vitabu vya wakulima, wakitaka picha ya kijiti chenye panda. Walidhani ni mali yetu. Tukawajibu kwamba si yetu, ila twamjua mwenyewe, na kwamba tukipata ruhusa yake tutawapa namba yake ya simu. Aliitoa ruhusa jioni ile ile, akatuuliza adai kiasi gani. Tukamwambia amwulize kwanza yule mzee, kwani mikono ni yake.